Aliyesukuma Kabati la Baba

Siku ya nne baada ya maziko, Mama alisema hapati usingizi, kabati la Baba linamtazama. Lilikuwa la mbao nzito, limejaa vyuma vyake vya useremala, na funguo hazikuonekana. Ikabidi litoke chumbani hivyohivyo.

Saa nne asubuhi tukalifunga kamba, mimi na mdogo wangu, fundi wa kuchomelea mwenye mabega mapana kama mlango.

"Dada, Baba kaficha mawe humu," alihema.

Mimi nafundisha fizikia, na udadisi wangu haujui msiba. Nikaunga kwenye kamba mizani ya springi ninayotumia darasani. Kuling'oa lilipokaa kulitaka nguvu nyingi, lakini lilipoanza kutambaa, sindano ilitulia kwenye kilo thelathini.

"Unaona? Halizidishi mwendo wala halipunguzi," nikamwambia. "Unavyovuta wewe ndivyo msuguano wa sakafu unavyokukatalia. Mmetoshana nguvu."

"Mimi naona jasho tu, Mwalimu."

Tulipofika kwenye korido, sindano ilishuka hadi ishirini. Baadaye kumi na tano. Mwendo ulikuwa uleule, saruji ileile.

"Mbona limekuwa jepesi?" akauliza.

"Labda kuna mteremko."

Tukasimama. Nikalaza chupa sakafuni, haikubingirika. Tukaanza tena kuvuta, naye akaacha mizaha. Kumi. Tano. Kisha kamba ikalegea mikononi mwake, ikagusa sakafu, na kabati likaendelea kutufuata.

Laiti lingekuja kasi, ningepiga kelele. Lilikuja taratibu, kwa mwendo uleule, bila kuyumba. Chochote kilicholisukuma kilijua uzito wake barabara: hakikuongeza wala kupunguza hata chembe.

Mdogo wangu aliweka viganja vyake kwenye milango ya kabati, akakaza miguu. Ndala zake zikaburuzika kinyumenyume.

"Dada," alisema kwa sauti ndogo, "kuna mtu upande wa pili."

Korido ilikuwa nyembamba, sikuweza kupita nikachungulie. Nikamwita Mama. Akatoka jikoni na mikono yenye povu, akatutazama, akalitazama kabati. Hakushtuka. Uso wake ulilegea kama wa mtu aliyechoka kubembeleza.

"Inatosha, baba watoto," alisema. "Pumzika. Watamalizia wao."

Kabati likasimama. Mdogo wangu, aliyekuwa ameliegemea kwa nguvu zote, alibaki hivyohivyo.

Mama alizungukia mlango wa uani, akapitia chumbani na kutokea nyuma ya kabati. Nikamfuata. Vumbi la miaka lililokuwa chini ya kabati lilikuwa limeburuzwa hadi koridoni, na ndani yake palikuwa na nyayo za mtu asiyevaa viatu. Vidole vilikuwa vimedidimia, visigino havikugusa chini, kama mtu anayesukuma kwa mwili mzima.

Mama alivua ndala moja, akaweka mguu wake kando ya unyayo mmojawapo. Alisimama hivyo kitambo kirefu. Mimi sikuthubutu kumgusa.

Mchana walikuja wapagazi wanne. Walilinyanyua huku wakitusema kwa uzito wake, wakalipeleka karakana ya mdogo wangu. Tangu hapo Mama analala vizuri. Mdogo wangu ndiye aliyehamishia kazi zake nje ya karakana, hata mvua inaponyesha.