Darasa la Misemo Jikoni kwa Mami Ndifor

Jumatatu hakuna aliyethubutu kutoka. Vijana wa msituni, waliokuwa wakipigana na serikali, walikuwa wameamuru mji ulale siku hiyo: maduka yafungwe, barabara ziwe tupu. Shule ndiyo kabisa. Tangu vita vianze, mwalimu aliyekutwa akifundisha alikuwa amejichimbia kaburi. Kwa hiyo Lum na Ambe walisomea jikoni kwa Mami Ndifor, mjane aliyewahi kufundisha Kiingereza, mlango umekomelewa, mmoja wao akitwanga magimbi ya achu, ugali wa kwao, ili wapita njia wasikie mchi tu.

Siku hiyo zamu ya kutwanga ilikuwa ya Lum. Umri wake ulikuwa wa chuo kikuu, na bado alikuwa akihangaikia mtihani wa sekondari.

"Mwingereza akisema fulani kapiga ndoo teke," Mami Ndifor aliuliza, "ana maana gani?"

"Kakasirika," Ambe akajibu. "Maji yamemwagika."

"Kafa."

Ambe alicheka hadi akashika mbavu. "Sasa Mami, mtu afe, ndoo imeingiaje?"

"Waulize wenye lugha yao. Na akiambiwa aume risasi?"

Lum akamuwahi Ambe. "Avumilie maumivu kimya. Zamani askari wakikatwa mguu bila dawa ya usingizi walipewa risasi waing'ate."

"Umesikia? Mwenzako anasoma. Wewe unakuja kunusa supu."

Mlango ukapigwa teke ukafunguka.

Waliingia vijana wawili. Wa nyuma alikuwa na bunduki. Wa mbele, bunduki mgongoni na panga mkononi, alikuwa Fru, ambaye miaka ile ya amani alikaa dawati la kwanza katika darasa la Mami Ndifor.

"Fru, mwanangu..."

"Usiniite mwanao!" Alimpiga shingoni kwa ubapa wa panga, mama wa watu akaangukia kuni. "Tulisema nini kuhusu shule? Tulisema, hatukusema?"

"Hii si shule, kaka," Ambe alisema, mikono juu. "Tunapika tu."

Mwenzake Fru alimtandika mdomoni kwa kitako cha bunduki. Jino likaruka, likagonga sufuria.

"Nimesimama hapo dirishani, nimesikia yote," Fru akasema. "Kuuma risasi, eh? Nilishausahau huo." Alitoa risasi moja mfukoni, akamshika Mami Ndifor taya, akaisukuma katikati ya meno yake. "Haya mwalimu, waonyeshe wanafunzi wako. Ikidondoka, nahamia kwa huyu mcheshi. Mkono wa chaki, weka juu ya gogo."

Mami Ndifor aliuweka. Panga likashuka, vidole viwili vikabaki kwenye gogo.

Hakupiga kelele. Damu na mate vilimtiririka kidevuni, lakini meno hayakuachia, na macho yake hayakubanduka kwa Ambe. Fru aliinua tena panga. Mkono ulikuwa ungali pale.

Lum hakukumbuka baadaye kama aliamua. Mchi ulikuwa mikononi mwake, mzito, umegandwa na magimbi, naye aliushusha kisogoni mwa Fru kwa nguvu zake zote. Fru akapiga magoti. Lum akampiga tena. Akampiga hata alipokuwa amelala kifudifudi, hata alipokwisha kunyamaza.

Yule mwenzake aligeuza bunduki. Ambe aliirukia, akaushika mtutu kwa mikono yote miwili, risasi ya kwanza ikatoboa bati. Ya pili ilimwingia tumboni. Kijana wa bunduki alimtazama Fru, akatazama kile kichwa kilivyokuwa, akatupa silaha na kukimbia huku akimwita mama yake kama mtoto mdogo.

Walimbeba Ambe kwa toroli, wakapita mashambani kuelekea upande wa nchi unaosema Kifaransa. Alikata roho kabla hawajafika barabara kuu.

Mvua zilikuja zikaisha. Lum na Mami Ndifor walikuwa wamepanga chumba upande huo, mjini Bafoussam, mwalimu akijizoeza kuandika kwa mkono wa kushoto, pale mwanamke mmoja aliyevaa nguo nyeusi alipobisha.

"Wewe ndiye Lum?"

"Ndimi, Mami."

"Mimi mama yake Fru." Alisimama pale pale kizingitini. "Kwanza waliniambia wanajeshi wamemuua. Halafu wakaniambia ni wewe."

Lum angeweza kukana. Wanajeshi walikuwa wakiua kila siku, nani angebisha?

"Ni mimi."

"Alilia?"

"Hakupata nafasi."

"Mlimzika wapi?"

"Hatukumzika, Mami. Tulikimbia."

Kofi lilimpata Lum hadi akayumba. La pili likafuata upande ule ule. Hakuinua mkono. Mami Ndifor alijitokeza kutoka ndani, na yule mama akauona mkono wake wa kulia. Akaushusha wa kwake.

"Nyumba gani?" akauliza, akimgeukia Lum. "Mtaa gani? Niambie nikamtafute mwanangu."

Lum akamweleza: barabara ya kanisani, ukipita kisima, jiko lenye bati lililotoboka. Mama Fru aliomba maji, akanywa, akarudisha kikombe. Lum akamsindikiza hadi stendi ya mabasi, shavu lake likiwaka moto, akamtafutia kiti cha dirishani, akasimama pale mpaka basi lilipoondoka.