Jina la Ukurasa wa Tisa

...na waliomo darasani humu ni hawa, Letisia anawahesabu tena ili asiitazame karatasi: Gidamis, shemeji yake, aliyeutunga mchezo huu huko chuo kikuu; Reginald, mwanafunzi mwenzake, anayewapanga waigizaji; Joakimu, dereva wa trekta la kuigiza; mama mkwe, dawati la nyuma, mtoto mapajani; na yeye mwenyewe, aliyeishia darasa la saba, aliyeshikishwa karatasi kwa kuwa Ernestina, binti wa chuo mwenye sehemu hii, amelala na malaria kwa mwalimu mkuu, basi, baba mkwe wake, mwenye jina, hayupo tena, lakini jina lipo, ukurasa wa tisa, limepigwa taipu, mkwe analia juu ya kaburi na kumwita baba wa mume wake kwa jina, na mkwe hataji jina hilo, awe hai au amekufa, hata mtoto wa Kibarabaig anayechunga ndama analijua hilo, Gidamis amelisahau wapi?... "Shemeji, tunakusubiri," anasema Reginald, na Joakimu juu ya benchi, mfuniko wa sufuria mikononi ndio usukani, anadakia, "Mwacheni apumue, hata trekta likichemka linaongezwa maji," mtoto anacheka, anampenda huyu mtu anayenguruma kwa mdomo, na Letisia naye anampenda, kwa sababu kaburi ni koti la Gidamis lililotandazwa sakafuni na Joakimu ameambiwa apite juu yake, na mara zote tatu mguu wake umeliruka, "Kanyaga, bwana, wao walikanyaga!" Gidamis akafoka, na Joakimu akasema haya, haya, nakanyaga, kisha akaruka tena... walikanyaga, ni kweli, Letisia alikuwepo, kaburi refu kuliko mtu, ukoo mzima ulilijenga kwa udongo miezi na miezi, halafu shamba la serikali likasogea, trekta likaenda, likarudi, na mwaka ule ngano ikaota pale pale, ndefu, nzuri, na hilo lilimuuma kuliko jembe, kwamba ilikuwa nzuri... asubuhi alimwambia Gidamis, shemeji, jina hili siliwezi, sema mzee tu, naye akajibu, "Mzee tu ni mzee yeyote. Watakaokaa kututazama kule chuoni ni wakubwa, mzee yeyote hawamwonei uchungu, nataka wamsikie huyu," na ana haki, ndiyo inayomsumbua, labda huu ni woga tu, labda atawaharibia kazi yao kwa ushamba wake, mbona alipokuwa msichana alikuwa akilitaja bila kufikiri, mwalimu akimtuma, nenda kamwite mzee fulani, akikimbia akiliita toka mbali, lilikuwa jepesi, ni ndoa iliyolitoa mdomoni mwake, akajifunza kumstahi mzee kwa kutolitaja, na mzee naye akimheshimu hivyo hivyo, alipojifungua na maziwa hayakutoka, mzee alikuja akasimama nje ya nyumba, akageuza mgongo, akaweka kibuyu cha maziwa mlangoni na kumwambia mbuzi, "Wewe mbuzi, mwambie aliye ndani anywe yote, asimbakishie mtu," akakohoa, akaondoka, na yeye akacheka kitandani hata mshono ukauma, alikunywa yote... "Nianze tena kunguruma?" anauliza Joakimu, "Usianze," anasema Reginald, "sasa ni kimya, shemeji ndiye anayekivunja," na mama mkwe kule nyuma ananyoosha shingo, hajui kusoma, hajui kilichoandikwa ukurasa wa tisa, ameambiwa tu kwamba mwanawe amemtengenezea baba yake kitu, akajipaka mafuta akaja, akilisikia jina lile kinywani mwa mkwe wake hatagomba, atainuka taratibu, atatoka na mtoto, na halitasemwa tena maisha yao yote, mama huyu ambaye mwenyewe, miaka yote ya ndoa yake, hajawahi kulitaja, basi wanawake wawili humu hawawezi, na hawa vijana wawili ni wageni, hawakumjua, anabaki nani... na Gidamis yuko wapi, yuko ubaoni, amewapa mgongo, anafuta ubao usio na maandishi, na mara ya kwanza walipofika hapa alifuta, na mara ya pili alifuta, kwa nini hatazami, mchezo ni wake, kilio amekiandika yeye... amekiandika yeye... simu ya kifo ilimfika siku nane baada ya maziko, na wakati wa kujenga kaburi alikuwa kwenye mitihani, na trekta lilipopita alikuwa mbali, na aliporudi palikuwa na ngano, hakuna aliyemwonyesha pa kusimama, Mungu wangu, hakusahau mila huyu, hakusahau chochote, hajalia, ametafuta mwanamke wa kumlilia, akampa Ernestina, na sasa amenipa mimi, na jina si zito kwake kwa mila, mtoto wa kiume analiita la baba yake atakavyo, ni zito kwa sababu hakuliita lilipostahili kuitwa, na Letisia haoni aibu tena, anauonea huruma mgongo ule mwembamba, shati limechomoka nyuma kama la mwanafunzi wa shule ya msingi, anataka kumwambia, si kwa ukali, shemeji, geuka, kilio hiki si changu, ni chako, mwite wewe, mama yako yuko hapa atakusikia, lakini Reginald bado ameinua mkono, Joakimu bado ameshika mfuniko, Gidamis bado anafuta, na karatasi bado iko wazi ukurasa wa tisa, "Shemeji?" anasema Reginald, "Shemeji, tuko tayari..."

Mchezo ulichezwa chuo kikuu mwezi wa tisa, na mstari ule aliusema Gidamis.