Gari Lenye Chumba Kimoja

...mwambie mama aingie, maneno yenyewe yalikuwa hayo tu, Ndaki ameyasema akiwa ameshakunja suruali, mwambie mama aingie asije akanyeshewa, mimi nitalala kwa rafiki yangu Marselino kule kambini, kisha huyo, akateremkia mlango wa dereva ili asipitane na mkwewe, akashika njia ya kushuka kwenye maduara, mashimo ya wachimba dhahabu, huku matone ya kwanza yakimpiga kisogoni, na Violeth mkewe aliitikia haya, akawasha jiko la gesi, akabandika chai, na sasa chai inachemka na neno hajalifikisha. Mama yuko palepale, hatua chache tu kutoka mlangoni, juu ya jiwe, mgongo amelipa gari, khanga imevutwa hadi puani na juu ya khanga mfuko wa salfeti, hajamwona mkwe akiondoka na angemwonaje, mkwe akiwa ndani ya gari basi mama mkwe hatazami gari, anatazama milima, ndiyo adabu, na adabu mama anayo, tangu kwake Ushetu hadi hapa amekaa kiti cha nyuma pazia likiwa limefungwa, hakula, hakunywa, hata kukohoa amekohoa ndani ya khanga ili Ndaki asisikie. Ndaki mkwe mwema. Ukimsikia anavyosema mama, kwa sauti ya chini, utadhani mikono yake haijawahi kuinuka juu ya mtu... Violeth, kumbe ziwa linaonekana kutoka huku, mama anasema kule nje, umeliona? Nimeliona, mama. Halionekani sasa, mvua imelimeza, na milima nayo inamezwa mmoja mmoja, ule wenye msitu umekwisha, ule wa mawe meupe unakwisha, mahali pazuri kweli hapa, Ndaki hakukosea, majirani zao wa Kalangalala walijaa uani kulishangaa gari hili alipolinunua kwa yule mzungu mpima miamba aliyekuwa anarudi kwao, kitanda ndani, jiko ndani, beseni la kunawia ndani, wakacheka, wakasema Ndaki sasa utahama na nyumba yako, na hakuna hata mmoja aliyeuliza mama mkwe atalala wapi, watengenezaji wa magari haya nao hawakuuliza, huko kwao labda mtu na mkwewe wanapigana vikumbo kitandani. Violeth aliuliza. Aliuliza kimoyomoyo siku ileile ya kwanza, akasimama katikati ya chumba hiki, akanyoosha mikono, vidole vikagusa ukuta huku na huku, akafurahi. Tumchukue mama, alimwambia Ndaki, hajawahi kuona milima, kwao ni tambarare na tumbaku tu. Na mama kwenye simu, sauti ya kusitasita, mwanangu, mwenzio naye yumo, tutalalaje? Vyumba viwili, mama. Alisema hivyo bila kupepesa macho.

Mvua imekaza. Mama amejikunja, amekuwa mdogo, kikohozi kimemshika na hakimwachii, na Violeth anahesabu vijiko vya sukari anavyovijua tangu utotoni, viwili vya mama, kimoja changu, mkono wake mwenyewe unamshangaza, unatengeneza chai ya mtu ambaye roho inakataa kumwita ndani. Mkono wa kushoto, huu uliounga vibaya. Tumbaku ilikuwa imeshakomaa asubuhi ile alipomkimbia Ndaki aliyemvunja, alipita katikati ya mashamba ameukumbatia mkono huu kama mtoto, miguu pekupeku, akilini neno moja tu, mama, mama, nikifika kwa mama yamekwisha, na akafika, na mama akauona mkono, akalia, akachana khanga amfunge, kumbe pikipiki imeshaingia uani. Mama alisikia sauti ya mkwe. Akaiachia khanga. Akakimbia, mwanamke mzima, akaenda kujibanza nyuma ya bani la kukaushia tumbaku, kwa sababu mama mkwe haonani uso kwa uso na mkwe, na Ndaki akamkamata Violeth nywele, akamvuta kuelekea pikipiki, lakini kabla ya kumpakia alisimama, akageukia ule ukuta wa udongo, akainamisha kichwa kwa heshima zote, akamwita mama kwa kilugha. Shikamoo, mayu. Na ukuta ukajibu. Marahaba, baba. Marahaba! Alimwitikia. Violeth nywele ziko mkononi mwa mtu, mama yake mzazi anaitikia shikamoo, na ukuta ule haukusema neno jingine, haukusema mwache, haukusema unamuua mwanangu, na miaka yote iliyofuata, walipohamia Kalangalala, katika nyumba ya vigae na makochi, Violeth amekuwa akijiuliza jambo moja tu, hakuweza au hakutaka? Ndiyo maana ya safari hii. Siyo milima. Milima wataangalia wengine. Alitaka kumwona mama akibanwa yeye mwenyewe, mvua, baridi, kifua chake kile kibovu, aone kama mwiko ule unavunjika unapokuwa mgongo wake ndio unaolowa, kwa sababu ukivunjika kwa ajili ya baridi, basi ungeweza kuvunjika kwa ajili ya mtoto, na hapo atampokea ndani, atampa chai, atamwambia uso kwa uso, kumbe uliweza.

Violeth. Sauti ya mama, karibu zaidi sasa, amesogea hadi kwenye ngazi ya gari lakini mgongo bado ameupa mlango, maji yanamchuruzika kutoka kwenye salfeti hadi miguuni. Naam, mama. Mwenzio yumo ndani? Na hapa Violeth anajiambia, sema hayumo, sema amekwenda kwa Marselino, sema amekuachia kitanda, hata yeye, hata yeye Ndaki amekuhurumia... Yumo, mama, amelala. Mvua juu ya bati la gari. Ingia, mama, anaongeza, na sauti yake ni tamu ajabu, mlango uko wazi, ingia tu, nani atakuona huku porini. Anasubiri. Aingie. Asiingie. Hajui tena anaomba lipi. Basi, anasema mama, usimwamshe, amechoka na usukani. Na anaondoka pale kwenye ngazi, anarudi kwenye jiwe lake, tena safari hii anakaa mbali kidogo ili kikohozi kisimsumbue mkwe.

Basi hakuweza. Jibu limekuja na ni hilo, hakuweza, hata kufa angekufa pale kwenye jiwe, na Violeth anangoja furaha, au machozi, chochote, hakuna kinachokuja, maana kama kweli hakuweza, basi nyuma ya lile bani palikuwa na mwanamke aliyejing'ata vidole akisikia mwanawe anavutwa, na chuki yote hii, aliyoilea kuliko mtoto, aliyokuwa akiamka nayo na kulala nayo, ilikuwa ya nani? Atamchukia nani sasa? Ndaki? Ndaki anamwogopa, na mtu unayemwogopa huna nafasi ya kumchukia. Alimchukia mama kwa sababu mama hapigi. Neno lipo mdomoni, ingia mama, hayumo, nilikudanganya, ni jepesi hata mtoto angelisema, lakini akiingia watakaa kitanda kimoja, magoti yakigusana, mama ataushika mkono huu uliopinda na kuusugua kwa maji ya moto, hatauliza kwa nini umenidanganya, atasema pole, na pole hiyo Violeth hawezi kuibeba, hajui ataiweka wapi. Kesho. Kesho asubuhi, mvua ikikatika. Mwanangu, mama anasema kule mvuani bila kugeuka, kikohozi kikimkata maneno, mlango huo unapigapiga, urudishie, upepo utamwingia mwenzio kifuani. Violeth ananyoosha mkono, anaurudishia mlango, anausukuma hadi kitasa kinaingia. Kupitia bati anamsikia mama akisema ahsante.