Saini Moja kwa Mahabusu

Fundi cherehani alipanda ngazi za mahakama kwa mara ya tatu asubuhi hiyo, fomu ileile ya kuombea wakili mkononi. Mdogo wake, mchomeleaji wa mageti, alikuwa mahabusu ya chini, jengo hilohilo, akingoja kesi ya jenereta ambayo aliapa hakuiba. Asipopata wakili itabidi yeye mwenyewe amhoji shahidi, naye ana kigugumizi kinachomkaba hata anapotaja jina lake.

"Dada, fomu haina saini ya mshtakiwa," karani wa msaada wa kisheria alisema bila kuinua macho.

"Kaka, askari wa mahabusu haniruhusu kumwona mdogo wangu. Anasema anaingia wakili tu."

"Basi wakili ndiye ampelekee."

"Wakili yupi?"

"Atakayepangiwa."

"Atapangiwa lini?"

"Fomu ikishasainiwa."

Alimwomba Mungu amshikie ulimi, maana ulikuwa umeshaanza kumwasha. Akashuka tena.

"Umerudi, mama?" askari alimcheka. "Ungekuja na godoro kabisa."

"Afande, mpelekee wewe. Mimi nitasimama hapahapa."

"Mimi si tarishi."

Kabla hajajibu, kesi ikaitwa. Akakimbilia juu ukumbini, akakaa benchi la nyuma, anahema. Shahidi alieleza mambo yake kwa raha, kama anayesimulia harusi.

"Mshtakiwa, una swali kwa shahidi?" hakimu aliuliza.

Mdogo wake alifungua mdomo. Shingo ikamtoka mishipa, neno likagoma. Mtu akacheka chinichini.

Fundi alijikuta amesimama.

"Mheshimiwa, naomba asaini hapa."

"Wewe ni nani?"

"Dada yake. Nimezungushwa kama pia tangu asubuhi. Juu hawatoi wakili bila saini, chini hawatoi saini bila wakili. Hapa yupo yeye, na kalamu naiona mezani kwako."

Hakimu aliisoma fomu, akaigeuza, akaisoma tena. Akavua miwani.

"Mpeni kalamu."

Mdogo wake alisaini juu ya ubao wa kizimba, mkono umetulia kuliko ulimi wake.

"Hatutaendelea bila wakili," hakimu alisema. "Shahidi atarudi baada ya wiki tatu. Mshtakiwa abaki rumande."

Wiki tatu, kwa saini ya dakika moja. Fundi aliinamisha kichwa. Alimshukuru Mungu kwa dhati, na kabla ya kusema amina akamweleza, kwa heshima zote, kwamba amechoka.