Msaragambo wa Kilima cha Wahunzi

Halmashauri ilitaka kila kijiji kiorodheshe vivutio vyake: maporomoko, mapango, makaburi ya watawala wa zamani, chochote ambacho mgeni angeweza kutoka Kasulu mjini kukiona na kurudi siku hiyo hiyo. Kijiji chetu cha Nyarugombe, upande wa Nyakitonto, kiliorodhesha tisa. Kwa kuwa nafundisha historia katika sekondari ya kata, nilipewa kazi ya kuthibitisha.

Nilizunguka na mwenyekiti wa kijiji, Mzee Tharsisi, nikiwa na daftari na futi kamba ya mita thelathini. Maporomoko yalikuwa na kimo cha sentimita sabini. Pango la Mwami, mtawala wa zamani wa Buha, lilikuwa shimo la muhanga. Unyayo wa Mwami, uliochongwa juu ya jiwe, ulikuwa na vidole sita.

"Sita, Mzee Tharsisi."

"Si ndiyo maana alikuwa Mwami?"

Kivutio cha saba kilikuwa mnara wa simu. Nilimwambia kwamba mnara si wa kale.

"Utakuwa wa kale, Mwalimu. Tunauandikisha mapema, wengine wasituwahi."

Nilikata vivutio vinane. Kikabaki kilima cha wahunzi, na hicho kilikuwa cha kweli. Juu yake kulikuwa na rundo la mavi ya chuma, yale mabonge meusi yanayobaki mawe ya chuma yakishayeyushwa. Rundo lilikuwa na urefu wa mita kumi na nne na katikati lilifika magotini. Ndani yake vilionekana vipande vya mirija ya udongo iliyopitisha upepo wa mivukuto. Wanafunzi wangu, wakishamaliza kulicheka jina, walikuwa wakinyamaza wenyewe nikiwaambia kwamba majembe ya Buha yalianzia mahali kama hapa, kabla hayajaanza kuletwa na lori.

Tatizo ni kwamba mkandarasi wa barabara alikitaka kilima hicho kwa ajili ya moramu. Serikali ya kijiji iliamua hivi: mtaalamu wa mambo ya kale akikiandikisha, kilima kinabaki; asipokiandikisha, greda linapanda Jumatatu. Mtaalamu, Bi Rabia, angefika Alhamisi.

Tulipokuwa tukishuka niliona chini ya kilima kipande cha vichaka katikati ya shamba la mihogo. Niliuliza ni nini.

"Kwa Mpawenimana hapo," alisema Tharsisi. "Hakuna kitu. Uvivu tu. Miaka yote analima kuzunguka, utadhani anakwepa nyoka."

Mzee mwenyewe alikuwa amesimama shambani na jembe lake, akitutazama. Wazazi wake walikimbia Burundi mwaka sabini na mbili wakiwa wamembeba mgongoni. Ni raia siku nyingi. Nilimpungia mkono, nikaandika daftarini: *Shamba la Mpawenimana, hakuna kitu.* Jua lilikuwa kali. Sikupima.

Nilimwachia Tharsisi maagizo ya maandishi, mstari mmoja: Pasiguswe kitu hadi Alhamisi. Aliyasoma, akaweka sahihi, akagonga mhuri wa kijiji.

Alhamisi saa mbili asubuhi nilitembea kwenda kilimani, na kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba barabara ilikuwa nzuri. Tangu masika yaanze, ile njia ilikuwa inameza hata pikipiki. Sasa mashimo yote yalikuwa yamejazwa kitu cheusi kilicholia chini ya viatu. Niliokota kipande. Kilikuwa kizito kuliko jiwe la ukubwa wake.

Juu ya kilima palikuwa peupe. Rundo halikuwepo. Udongo ulikuwa umefagiwa hadi ukaonyesha mistari ya fagio, mawe yalikuwa yamepakwa chokaa na kupangwa safu mbili, na migomba miwili ilikuwa imesimikwa kama lango. Tharsisi alikuwa amevaa koti la sikukuu, ndoo ya chokaa mkononi.

"Mwakeye, Mwalimu!" aliniamkia. "Umeona?"

"Rundo liko wapi?"

"Tulipiga msaragambo jana. Watu sabini na wawili, tangu saa kumi na mbili asubuhi. Hakuna aliyetegea, isipokuwa Mpawenimana."

"Niliandika pasiguswe kitu. Uligonga mhuri."

"Na hatukugusa kitu. Tumetoa uchafu tu."

"Huo uchafu ndio uliokuwa kitu!"

Watu waliokuwa wakisubiri mgeni walinitazama kwa huruma, kama mtu anayeanza kuumwa malaria.

"Sasa Mwalimu," Tharsisi alisema kwa upole, "mgeni atoke mkoani aje akute takataka? Na gari lake lingepita wapi? Kwenu Upare mgeni mnampitisha matopeni?"

"Kwetu mgeni akija kuona kitu, kitu hicho tunakiacha."

"Ndiyo maana mnaitwa wabahili."

Walicheka wote. Mama mmoja alisema nisikasirike, wangeweza kuchukua ndoo na kuyarudisha mavi yote kabla ya saa sita. Nilimwambia kwamba yakirudishwa yatakuwa kokoto tu. Alinijibu kwamba hata jana yalikuwa kokoto tu.

Bi Rabia alifika saa nne. Gari lake lilipanda hadi chini ya kilima bila kuteleza hata mara moja, na Tharsisi akanitupia jicho. Nilimweleza mgeni kilichotokea bila kupunguza neno. Aliyatazama mawe meupe kwa muda, akaomba daftari langu, akalisoma lote akiwa amesimama.

"Vipimo vyako ni vizuri, Mwalimu. Lakini siwezi kuandikisha daftari. Kilichohamishwa hakiniambii kilitengenezwa wapi."

Ningekuwa mimi, ningesema hivyo hivyo. Alianza kufunga mkoba wake.

Mpawenimana alikuwa amepanda polepole, akasimama nje ya lango la migomba.

"Mwenyekiti, mmemaliza? Maana watu wako jana walitaka kuingia na kwangu, nikawafukuza."

"Uliwafukuza kwa uvivu wako."

"Kwako kuna nini, mzee?" aliuliza Bi Rabia.

"Yale yale. Na jiko lake lipo."

Tulishuka. Mpawenimana alitenganisha vichaka kwa mpini wa jembe. Chini yake kulikuwa na duara la udongo mwekundu uliochomwa ukawa mgumu kama tofali, upande mmoja ukuta wake ukifika nusu ya mguu wangu, na mirija mitatu ikiwa bado imechomekwa pale ilipowekwa na wenyewe. Mavi ya chuma yalilizunguka, hayajaguswa. Nilipima upana wa tanuri: sentimita tisini na nne. Halafu nilipima hadi mahali niliposimama nilipoandika *hakuna kitu.* Mita ishirini na sita.

"Kwa nini hukulima hapa?" Bi Rabia alimuuliza.

"Jembe limezaliwa hapa. Utalishika jembe ulikate nalo tumbo la mama yake? Baba alinikataza. Kwetu alikuwa mhunzi."

"Na kwa nini hukuniambia mimi?" nilimuuliza.

Alinishangaa. "Mwalimu, ulipita na mwenyekiti, mkaniangalia, ukaandika. Nikajua umeshajua."

Nilikata mstari wangu daftarini, nikaandika tarehe ya kuukata.

Bi Rabia alipiga picha na kujaza fomu akiwa amekaa juu ya shina la mti lililoanguka. Tanuri liliandikishwa, pamoja na eneo la mita mia mbili kulizunguka, kilima kikiwemo. Tharsisi alipiga simu kwa mkandarasi hapo hapo, kwa sauti ya mtu aliyelilinda eneo hilo tangu utoto wake, akamwambia greda lisije. Kisha alimpa Mpawenimana mkono na kumwita mzalendo.

"Sasa," alisema akiligeukia tanuri, akikunja mikono ya koti, "Jumatano ijayo tunapafyeka hapa. Tunapanga mawe. Hiyo mirija inayotokeza tunaisawazisha, halafu chokaa kidogo..."

Ndoo ya chokaa nilimnyang'anya mbele ya mgeni. Nimeifungia stoo ya shule, na ufunguo ninao mimi.