Fundi Hataki Kurudishwa Tena

Hakuna anayeielewa dawa ya mume wangu kama mimi. Ukimtoa daktari, bila shaka. Na nesi. Na mama anayepiga deki, maana yeye husikiliza daktari akieleza, wakati mimi nasinzia. Basi tuseme naielewa kumzidi mume wangu, na hilo si la kujisifia, kwa sababu yeye hataki kuielewa.

Mume wangu wote humwita Fundi. Maisha yake yote amechomelea vyuma. Sasa ana uvimbe wa saratani pajani. Dawa yake imefungwa ndani ya vifuko vya mafuta, vidogo hata vumbi ni tembo mbele yake. Inaingia kwa mshipa, inazunguka mwilini imefumba mdomo. Halafu mashine inalipasha moto lile paja peke yake, mafuta yanalegea, dawa inaumwagikia uvimbe. Lakini mgonjwa akiwa na homa kali, vifuko vinaweza kufunguka kokote, hata moyoni, na dawa yenyewe haina huruma. Kwa hiyo ukionekana una joto, unarudishwa nyumbani.

Tulikuwa tumesharudishwa mara mbili. Kila safari ni kumwamsha, kumvalisha, kumshusha ngazi ameniegemea bega hili, ambalo siku hizi nalo linatafuta pa kuegemea.

Tulipoketi kwenye benchi la hospitali, goti lake likanigusa. Lilikuwa la moto.

"Una homa, baba watoto."

"Ni koti."

"Koti nimelishika mimi."

"Basi ni hasira. Naenda msalani."

Akaenda mwenyewe, bila bega langu. Aliporudi, shavu moja lilikuwa limetuna, na alikuwa kimya. Fundi, kimya! Mtu anayelalamika toka mlangoni hadi mlangoni. Nikatupa jicho nje, kwa muuza soda na ndoo yake ya barafu, nikajua.

Niliziwaza zile ngazi. Nilimwaza yeye akiwa amejikunja kitandani, ananiuliza kwa nini uvimbe unakua na dawa haiji. Nilikuwa nimechoka mpaka kwenye nywele.

Nesi akatuita ndani, akamlaza, akamwekea kipimajoto chini ya ulimi.

"Safi kabisa, mzee. Umepoa kama mtungi. Leo hatukurudishi."

Akaanza kuitundika chupa ya dawa. Fundi akanikazia macho. Macho yale yalikuwa yananiomba, na yeye si mtu wa kuomba. Nikimsema mbele ya nesi, hatanisamehe. Nisipomsema, huenda nisiwe na wa kunisamehe.

"Sista," nikasema, "unajua nilimkubali huyu kwa ajili ya ukimya wake?"

"Mzee huyu? Bibi, acha utani!"

"Kweli tena. Siku alipokuja kwetu mara ya kwanza, hakutamka neno. Baba akaniambia, mwanangu, kijana ana adabu, mchukue. Kumbe mwenzetu alikuwa na pande la nyama mdomoni, limemshinda kutafuna, na pa kulitema hana."

Mabega ya Fundi yakaanza kutikisika. Akafumba macho, akajikaza.

"Baba akamuuliza, binti yangu utamtunza? Akajibu, 'Mmmmh!' Kama ng'ombe aliyekwama matopeni. Baba naye akasema, Mungu wangu, kijana analia kwa mapenzi!"

Hapo Fundi akapasuka. Kitu cheupe kikamchomoka mdomoni, kikagonga trei ya chuma, kikaserereka mpaka mbele ya nesi.

"Nini hiki?"

"Jino," Fundi akasema.

Nesi akakiokota, akakiweka kiganjani. Tukakitazama wote watatu. Kisha akaishusha chupa ya dawa kutoka kwenye kulabu, polepole, kama mtu anayemvua mtoto aliyelala.

"Mzee," akasema, maji yakimchuruzika mpaka kwenye kiwiko, "mbona jino lako linaisha?"