Jalada la Dirishani

Mpishi mkuu wa shule ya bweni aliondoka katika wilaya ile ya mashambani na mtoto mgongoni, akajiapiza kuwa hatakanyaga tena pale hata kwa mazishi. Kiapo hicho alikishika mpaka binti yake alipopata nafasi ya kusomea uuguzi nje ya nchi. Ofisi ya pasipoti ikagoma. Binti alikuwa bado hajafikisha umri wa kujitegemea, kwa hiyo ama baba mzazi aje kutia sahihi, ama mama alete amri ya mahakama inayoonyesha kwamba malezi ni yake peke yake.

Baba mzazi! Kumtafuta mtu yule kwa ajili ya sahihi, afadhali anywe maji ya kuoshea vyombo. Na nakala yake ya amri ilishaloa zamani kwenye nyumba ya kupanga, paa lilipovuja na karatasi ikawa uji. Basi akaomba ruhusa kazini, akapiga moyo konde, akarudi alikotoka.

Mahakama aliikuta imezidi kuchakaa. Rangi ilikuwa imebambuka ukutani kama ngozi ya mgonjwa, na harufu ya mikojo ya popo ilimpokea kabla hajafika mlangoni. Masjala ilikuwa nyuma, chumba kirefu chenye kaunta ya mbao, na mbele yake benchi. Kwenye benchi alikaa mzee mwenye kofia ya sufu, aliyekuwa akitafuta jalada la ulezi wa wajukuu zake.

"Hii mara yako ya kwanza, mwanangu?" mzee alimuuliza.

"Ya kwanza, mzee wangu."

"Basi pole. Mimi nimekuja hapa mpaka mbwa wa mlinzi hanibwekei tena."

Karani wa masjala alikuwa kijana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Alikuwa akichokonoa meno kwa kibanio cha karatasi, na alipomaliza alikifuta kwenye suruali na kukirudisha kwenye kopo pamoja na vingine. Mpishi alikiona, akayatazama makaratasi yote yaliyobanwa juu ya kaunta ile, akaondoa mikono yake hapo.

"Nimekuja kuomba nakala ya amri ya malezi," alisema. "Shauri la ndoa, la zamani kidogo."

"Namba ya shauri unayo?"

"Namba sina. Ninayo majina na mwaka."

"Bila namba ni kazi, dada. Majalada ya ndoa ya zamani yako stoo, na stoo wameihamia popo. Andika barua ya maombi, weka majina ya pande zote mbili, ambatanisha kitambulisho, lipa ada pale dirisha la pili, uache namba ya simu. Tutakupigia."

"Lini?"

"Tutakupigia," alirudia karani, akavuta kitambulisho chake kwa kidole kimoja.

Alisoma jina. Akasoma tena. Kisha uso wake ukafunguka taratibu, kama mtu aliyekutana njiani na mchezaji anayemshabikia.

"Ni wewe kweli?" Akageuka kuelekea chumba cha ndani. "Dada! Hebu njoo uone! Mama Sufuria amekuja mwenyewe!"

Mpiga chapa alitoka mbio, mwanamke wa makamo mwenye miwani kichwani. Alimtazama mpishi kuanzia utosini hadi kwenye viatu, akaziba mdomo kwa kiganja.

Mpishi hakuelewa mara moja. Alidhani wamemfananisha na mtu, au labda wamejua kazi yake. Kisha akaelewa.

Kuna jambo alilolisema mara moja tu maishani, katika chumba cha hakimu, mlango ukiwa umefungwa. Alisema kwamba mume wake akikasirika hapigi wala hatukani. Hufunua sufuria, hutemea mate chakula, hukoroga vizuri kwa mwiko, kisha husimama mlangoni mpaka mke na mtoto wamalize kula. Hakimu wa wakati ule, mtu mzima sana, aliweka kalamu chini na kufumba macho. Mpishi hakumwambia jambo hilo hata dada yake wa tumbo moja. Binti alikuwa mdogo mno wakati ule, hakumbuki kitu, na mama yake alimshukuru Mungu kila siku kwa usahaulifu huo.

Na sasa kijana huyu, ambaye wakati ule huenda alikuwa bado akivaa kaptula za shule, alikuwa akimchekea kama wanajuana.

Barua ya maombi haikuhitajika tena. Karani alinyoosha tu mkono dirishani, kando ya birika la chai, palipokuwa na rundo dogo la majalada, akachomoa moja.

"Kumbe mengine yanapatikana kwa kunyoosha mkono," alisema mzee pale kwenye benchi, si kwa sauti kubwa.

Jalada lilikuwa na duara za vikombe vya chai juu ya gamba lake la kaki. Kurasa zilikuwa zimekunjwa pembe, zina alama za vidole vya mafuta, na katikati mlikuwa na maganda ya karanga. Mpishi alifunua mpaka kwenye ushahidi wake. Pembeni mwa maneno yake mtu alikuwa amechora sufuria yenye macho na midomo iliyochongoka. Chini yake, kwa mwandiko mwingine, paliandikwa: *Chumvi ilikolea?*

Alimgeuzia karani ukurasa ule.

"Nani ameandika hivi?"

"Usikasirike, dada," alisema karani, bado tabasamu halijamtoka lote. "Sisi jalada tulilikuta hivyohivyo. Hapa kazi inachosha, watu wanasoma kidogo wapate kucheka. Hatukujui, hatuna ubaya na wewe."

"Na kweli tulikuhurumia," mpiga chapa aliingilia. "Mimi siku ya kwanza nililia."

"Na siku ya pili?"

Mpiga chapa alishusha miwani machoni na kujifanya anatafuta kitu mezani.

Mpishi aliinua ubao wa kaunta, akaingia ndani, akakumbatia rundo zima la dirishani, lake na ya wenziwe wote, akaanza kutoka.

"Wewe! Hiyo ni mali ya mahakama! Nitaita askari!"

"Mwite. Aje asome na yeye, acheke."

Mzee wa kofia alisimama, akamfungulia mlango.

Hakimu wa sasa alikuwa mwanamke wa umri wa mpishi, naye alikuwa peke yake akipitia hukumu. Mpishi aliyaweka majalada mbele yake, akabaki amesimama.

"Samahani, mheshimiwa, nimeingia bila kuitwa. Nataka nakala ya amri ya malezi ya mwanangu. Na nataka uone mahali ilipokuwa inakaa."

Hakimu alifunua la kwanza. Akafunua la pili, lenye picha ambayo hakuiangalia mara mbili. Alipofika kwenye lile la sufuria alisoma mpaka mwisho wa ukurasa, akaufunika kwa mkono.

"Nimekuwa nikisikia vicheko kule nyuma," alisema polepole. "Nikadhani ni utani wa kazini."

"Umevisikia muda mrefu?"

Hakimu alilifunga jalada. Mpishi alimtazama mama huyu msafi, nadhifu, mwenye sauti ya upole, na karaha aliyotoka nayo masjala ikamwangukia hakimu naye.

Lakini mheshimiwa alipoamua kuamka, aliamka kweli. Nakala ya amri ilithibitishwa palepale, ikapigwa mhuri na kutiwa sahihi. Kurasa za ushahidi zilitiwa kwenye bahasha, zikafungwa kwa gundi na mhuri juu yake, zisifunguliwe ila kwa amri ya hakimu. Rundo lote likaingia kwenye kabati lake na ufunguo ukaingia mkobani. Karani akaambiwa aandike maelezo, lakini kwanza aingie stoo, asitoke bila jalada la mzee wa benchi, ambaye mpishi hakusahau kumtaja.

Alitoka jioni inakaribia, shati lote vumbi, nywele zimepambwa na mavi ya popo. Jalada la mzee lilikuwa limeliwa na panya pembeni, lakini amri ya ulezi ilisomeka yote. Mzee alilipokea kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, wakabadilishana namba za simu na mpishi, kwani watu waliongoja pamoja namna ile wanakuwa ndugu.

Karani alimkimbilia mpishi nje, kwenye ngazi, akamnyooshea mkono.

"Dada, nisamehe. Nilikuwa nacheka tu."

Mpishi aliutazama mkono ule, vidole vilivyokuwa vikifunua maisha yake huku vinamenya karanga. Hakuushika.

"Hicho ndicho kinachonitapisha," alisema. "Yule mtu wangu alikuwa na hasira. Wewe hata hasira hukuwa nayo."

Akashuka ngazi.

Kwenye ofisi ya pasipoti, binti alikaa kando yake, anatikisa mguu kwa wasiwasi.

"Mama, kule walikusumbua?"

"Kidogo."

Afisa aliangalia mhuri, hakusoma hata mstari mmoja. "Sawa, mama," alisema, akapitisha. Mpishi angeweza kumbusu kwa kutosoma kule.

Binti alikuwa ameshasafiri mzee wa kofia alipompigia simu kumsalimu. Wajukuu hawajambo, alisema, wanasoma. Halafu akasita.

"Yule kijana wetu wamemhamisha. Yuko mahakama ya wilaya jirani."

"Wamempa kazi gani?"

"Masjala, mwanangu."



"Kwani huko," aliuliza mpishi, "hakuna majalada ya watu walioachana?"